Wageni wa Alhamisi

Safari za Kusini,
Mchafukoge, Dar es Salaam
10 Februari 1976

Mtani wangu Shaibu, Myao usiye na haya,

Salamu nakupa nusu. Nusu nyingine nampa wifi yangu Mauza, maana yeye ndiye anayefanya kazi na wewe ndiye unayepigwa picha.

Wale Wanorwe wa mwezi uliopita wamerudi salama. Mmoja alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu, akaketi, akasema ameishi nchi hii miaka miwili, ameona simba mpaka amewachoka, lakini hajawahi kula samaki kama wa Mauza. Nikamwambia simba hapiki, ndiyo shida yake. Sasa amewaambia wenzake, na nina Waswidi kumi na wawili, walimu wa chuo cha ufundi, wanataka Kilwa. Watapanda ndege Alhamisi tarehe 4 Machi na kurudi Jumanne inayofuata.

Magofu ya Kisiwani wataonyeshwa Jumamosi. Siku ya kwanza niachie tupu kama kawaida. Kwenye karatasi ya ratiba nimeandika: "Siku ya kwanza: mwenyeji wenu anajua." Usicheke. Ofisi nyingine za safari zinamwandikia mgeni kila kitu, saa ya chai, saa ya kwenda msalani, basi mtu anaona amekwishasafiri kabla hajafunga begi. Mimi nawauzia kile wasichokijua, na Mauza hajaniangusha hata mara moja. Mara kawapeleka kusaka pweza kwenye miamba, mara harusini kwa binamu yake, na wote wanarudi hapa wanadhani tulipanga mwaka mzima.

Ofisa biashara alikuja tena kuuliza kwa nini sijajiunga na ushirika. Ananiita kupe, lakini kwa upole, na soda anakunywa. Nikamwonyesha leseni, nikamwambia fedha za kigeni ninazoiletea nchi hii hazinyonyi mtu damu. Akaomba soda ya pili.

Neno la mwisho. Usinifie tena. Mwaka jana ulileta simu ya maandishi, "Shaibu amefariki leta sukari," nami mjinga nikalia mpaka wenye duka la vitambaa hapo chini wakafunga mlango wao kwa heshima. Nikaja na sukari na kitambaa cheusi kichwani, kumbe maiti iko barazani inakunywa chai. Wayao mlituuza sisi Wamwera kwa kaniki enzi hizo, na sasa mnatuua kwa sukari.

Mtani wako,
Severa


Kilwa Masoko
17 Februari 1976

Severa, Mmwera wa Nyangao, mla panya,

Barua nimeipata kwa mkono wa rubani. Na yako nyingine mpe yeye huyo huyo, Jumanne na Alhamisi, kwa sababu simu imekufa. Upepo umeangusha nguzo huko njiani na fundi anasubiri lori, na lori linasubiri spea.

Waswidi waje. Nyumba nimeipaka chokaa, vyandarua nimevishona, choo kina mlango mpya. Siku ya kwanza usiniulize, muulize mwenye siku yake. Nimemuuliza asubuhi, kasema, "Mwambie Severa asiharakishe mambo." Basi ndiyo hivyo.

Mauza ana homa kidogo, inakuja na kuondoka. Bwana mganga wa zahanati alimwambia alale. Amelala? Saa hii ninapoandika namsikia anagombana na mwuza samaki, anamwambia changu wake amekufa tangu vita ya Majimaji. Anakusalimu sana. Anataka doti ya kanga, ya kijani, hataki ya rangi ya machungwa kwa kuwa hapa wanaivaa wote mpaka wanafanana na timu ya mpira. Maneno yake uchague wewe, wewe ndiye msomi.

Sukari ndiyo hatuna. Kwenye duka la ushirika imekuja mara moja tu tangu Idi, na ilikwisha kabla foleni haijanyooka. Wageni wako wanakunywa chai tupu huku wanatabasamu, na mimi naona haya. Tafuta huko Kariakoo, hukosi mtu. Kama sukari haiji, nakuapia nitakufa tena, na safari hii nitamuua na Mauza, ili uje na magunia mawili.

Umetaja kuuzwa kwa kaniki. Babu yangu alisema Mmwera mmoja alikuwa anauzwa kwa nusu doti, na mnunuzi alikuwa anarudi kulalamika kwamba panya wote wamekwisha nyumbani.

Mtani wako na mmiliki wako,
Shaibu


Mchafukoge
24 Februari 1976

We Shaibu,

Kwa haraka, rubani yuko chini anapiga honi.

Waswidi ni kumi na wawili kamili. Mkubwa wao anaitwa Bwana Torsten, mrefu, mpole, anajifunza Kiswahili na anapenda kukisema, kwa hiyo msimkatize. Mkewe hali pilipili. Maji yachemshwe, na wayaone yanachemshwa.

Kanga nimezipata. Nimezunguka Mtaa wa Kongo wote na soko jipya lote, ghorofa ya chini na ya juu, nikazipata kwa Mhindi mmoja aliyekuwa amezificha nyuma ya vitambaa vya mashuka. Kijani kibichi, na maneno yake, "Karibu ule, maneno baadaye." Nilipoyasoma nikaona sura ya Mauza hiyo hapo. Nitazitia kwenye gunia la sukari, sukari ikipatikana. Mwambie anywe dawa. Homa haitibiwi kwa kugombana na wauza samaki.

Severa


Kilwa Masoko
2 Machi 1976

Severa,

Mauza amefariki jana alfajiri. Tumemzika jana hiyo hiyo baada ya alasiri.

Wageni usiwalete.

Watu ni wengi nyumbani na sukari hakuna. Ukipata mpe rubani.

Siwezi kuandika zaidi.

Shaibu


Mchafukoge
3 Machi 1976

Kwako mfiwa hodari, Shaibu,

Ama kweli ahadi ni deni. Uliniahidi utamuua Mauza, na umemuua. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akasogeza kiti.

Lakini ninyi Wayao hata kufiwa hamjui. Mtu aliyefiwa na mke kama yule haandiki mistari mitano akamalizia na sukari! Angalau mwaka jana ulipokufa wewe uliweka maneno ya kusikitisha. Umekuwa mvivu hata wa kusema uongo.

Basi mwambie marehemu kwamba wageni kumi na wawili wanatua kesho saa nne, afufuke akune nazi. Akizikwa na pweza aliowaahidi watu, huko ahera Waswidi watamfuata na kamera zao. Akikataa kufufuka, oa mwingine kabla ndege haijatua. Myao hajakosa kuoa hata siku moja. Ila safari hii tazama kwanza mkono wake kwenye chungu, sura baadaye, maana wewe mwenyewe kwa sura hiyo hukuwa na haki ya kuchagua. Na usilie sana karibu na jiko, machozi yako yatatia chumvi kwenye wali.

Sukari hiyo, gunia zima. Umenipata. Nimepanga foleni, nimebembeleza, nimejidai nina harusi. Lifungue mwenyewe kwa mkono wako, lina mizigo ya wenyewe.

Mtani wako anayekulilia,
Severa


Chuo cha Ufundi,
Dar es Salaam
10 Machi 1976

Mpendwa Bibi Severa,

Hujambo? Mimi sijambo na mke wangu hajambo. Naandika barua hii kwa Kiswahili, tafadhali samehe makosa yangu.

Tumerudi jana kutoka Kilwa na tunataka kukushukuru. Kwenye karatasi yako uliandika, "Siku ya kwanza: mwenyeji wenu anajua." Sasa tunaelewa kwa nini hukueleza. Jambo hili haliwezi kuelezwa.

Tulipofika nyumbani kwa Bwana Shaibu kulikuwa na watu wengi sana, wanaume wameketi kwenye mikeka nje, wanawake ndani na uani. Tulisimama kwenye jua pamoja na mabegi yetu. Bwana Shaibu alipokea barua yako kutoka kwa rubani, akaenda kuisoma peke yake kando ya nyumba. Kisha alifungua gunia kubwa. Alisimama muda mrefu akitazama ndani ya gunia. Niliogopa labda kitu kimevunjika njiani. Baadaye alikuja akatushika mikono mmoja mmoja, wote kumi na wawili, akasema, "Karibuni, kaeni." Watu wakatupisha kwenye mikeka.

Ndipo akasimama akaisoma barua yako kwa sauti mbele ya watu wote. Walicheka sana! Wengine walicheka huku wanafuta machozi. Bibi mmoja mzee alitolewa ndani kuja kusikiliza, akajipiga mapaja, akasema maneno ambayo mwalimu wetu hajatufundisha. Mke wangu alikwenda kwa wanawake akawaambia, "Hongereni sana kwa sherehe." Walitazamana. Kisha mmoja akamshika mkono, akamkalisha karibu yake, akampa chai yenye sukari nyingi.

Tulikula wali kwa mkono katika sinia moja na watu tusiowajua. Jioni walisoma dua ndefu. Hakuna aliyetutaka tununue kitu. Nimesafiri nchi nyingi, Bibi Severa, na sikumbuki mahali ambapo nimekaa na watu namna ile.

Bibi Mauza mpishi hatukumwona. Tulipouliza, Bwana Shaibu alisema amesafiri. Tafadhali mpe salamu zetu.

Sasa nina ombi. Marafiki zetu kumi na watano wanataka kwenda Kilwa wakati wa Pasaka, na wanataka siku ya kwanza iwe hiyo hiyo. Nimewaambia ni bora kuliko wanyama.

Wako mwaminifu,
Torsten Ekberg


Mchafukoge
11 Machi 1976

Bwana Torsten,

Barua yako imefika. Kiswahili chako kimeeleweka chote. Ningependa kisingeeleweka.

Mliyoyaona hayakuwa sherehe. Mlifika matangani, siku ya kuanua matanga, siku ambayo wafiwa wanakaa pamoja mara ya mwisho. Bibi Mauza hakusafiri. Alifariki Jumatatu, nanyi mlifika Alhamisi, na wale walikuwa watu wake.

Ninyi hamkukosa. Niliandikiwa nisiwalete, nikawaleta, kwa sababu nilidhani Shaibu ananitania. Yeye Myao, mimi Mmwera, na makabila yetu ni watani tangu mababu. Kwetu mtani husema lolote, hata msibani, hasa msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Lakini anasema akijua kuna msiba. Mimi sikujua.

Mwambie mama asijione vibaya kwa ile "hongereni". Yule aliyemkalisha alijua kwamba hajui. Mgeni akikuta msiba hafukuzwi, hulishwa, ndiyo desturi.

Safari ya Pasaka nitawapangia marafiki zako, lakini Mikumi, na wataona tembo. Siku ile ya kwanza siiuzi. Siwezi kuiagiza wala kuiweka kwenye ratiba.

Sijamwandikia Shaibu. Nimekaa mbele ya karatasi tangu jana na sijui pa kuanzia.

Severa


Kilwa Masoko
16 Machi 1976

Mtani wangu Severa,

Ahsante. Neno hilo kwanza.

Barua yako ilifika Alhamisi, siku ya kuanua matanga, nami niliisoma mbele ya watu wote. Hujawahi kuona msiba ukigeuka namna ile. Mama yake Mauza alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu Jumatatu, anatazama ukuta tu. Nilipofika pale pa kusema afufuke akune nazi, akacheka, akasema, "Huyo Mmwera mla panya, mwanangu angemjibu!" Kisha akaomba uji, akanywa bakuli zima.

Mji mzima unakusema. Mzee Kitwana, unamjua, yule anayejifanya ameona kila kitu, kasema watani amewaona wanaotumbukia kaburini, amewaona wanaovaa nguo za marehemu, lakini mtani aliyetuma ndege na Wazungu kumi na wawili waje kulia kwa niaba yake, huyo hajamwona tangu azaliwe. Na yule mama aliyetupa hongera wanamwiga mpaka leo kisimani. Wanampenda, usidhani vingine.

Sukari ilitosha. Ilinywewa mpaka na watu waliokuwa hawanijui.

Sasa, mtani wa msibani haondoki mikono mitupu. Ungekuwepo ungeingia ndani mwenyewe ukabeba unachotaka, nami ningekufuata nikipiga kelele. Hukuwepo, nimekuchagulia. Rubani atakupa kifurushi. Ni mbuzi ya kukunia nazi ya Mauza. Meno yamelika upande mmoja, kwa sababu alikuwa anakuna huku kageuka kutazama barazani nani anapita.

Arobaini ni Ijumaa tarehe 9 Aprili. Njoo, Severa.

Shaibu


Mchafukoge
18 Machi 1976

Shaibu,

Kifurushi nimepokea. Nilikifungulia ngazini, sikufika hata mlangoni.

Nitakuja arobaini, nitapanda ndege ya Alhamisi. Nitaleta mchele na sukari. Kuna jambo nataka kusema, lakini nitalisema nikifika.

Pole sana. Pole, Shaibu. Nimechelewa kuliandika neno hilo, ulistahili kulipata kabla ya yote.

Severa


Mchafukoge
20 Aprili 1976

Ndugu Shaibu,

Nashukuru kwa jinsi mlivyonipokea. Nilivaa kofia yako, nikakaa kwenye kiti chako, nikadai kuku wawili na nikapewa watatu. Mama yake Mauza alinishika mashavu mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyemrudisha duniani. Usiku ule sikupata usingizi, na hapa nimerudi nao sipati.

Naandika kuhusu kazi. Nimefikiri, na nimeamua kuacha kuuza Kilwa. Ndege siku hizi haitabiriki. Wageni wa sasa wanataka vitanda vya springi na maji ya bomba. Ofisa biashara naye anasema maeneo yangu ni mengi mno kwa leseni niliyo nayo. Wageni wa Juni, Wanorwe wengine hao, nitawapeleka Mafia. Si kwa ubaya. Nyumba yako ni nzuri na wewe umekuwa mwenyeji mwema miaka yote hii. Nitakuandikia barua ya kukupendekeza kwa ofisi nyingine yoyote utakayo.

Mbuzi ya nazi iko hapa ofisini, juu ya kabati. Sijaweza kuikalia.

Wako,
Severa


Kilwa Masoko
27 Aprili 1976

Severa,

Barua yako nimeisoma, nikampa Hamdiya mdogo wake Mauza naye akaisoma, na wote tumekubaliana kwamba ni uongo kuanzia "Ndugu Shaibu" mpaka "Wako". Tangu lini mimi ni ndugu yako? Vitanda vya springi! Mgeni gani wako amewahi kulilia kitanda? Walikuwa wanalala kwenye mkeka barazani kwa hiari yao, sisi ndio tunawafukuza waingie ndani.

Nilingoja uliseme mwenyewe. Ulipokuja arobaini nilikuona unanivuta kando, na kila ukifungua mdomo mtu anaita, "Mtani! Mtani kaficha sufuria!" nawe unakimbia huko. Uliondoka hujalisema. Basi nalisema mimi.

Najua kwamba hukujua.

Nimejua tangu siku ile ile. Barua yako niliisoma kando ya nyumba, na sitakuficha, nilikasirika mpaka macho yakaingia giza. "Oa mwingine." Udongo wa Mauza ulikuwa haujakauka. Nilitaka kuwarudisha wale watu kwenye ndege na mabegi yao, na wewe nikuandikie maneno ambayo hata mtani hasemi. Nikalifungua gunia ili niimwage hiyo sukari yako mchangani, wallahi, yote. Nikakuta kanga. Ziko juu, za kijani, zimekunjwa vizuri, na kikaratasi umekichomeka, "Wifi, osha kwanza, rangi inatoka."

Mtu hamwambii maiti afue kanga.

Nikasimama pale. Nikakumbuka ni mkono wangu mimi uliokuandikia kwamba safari hii nitamuua na Mauza ili uje na magunia mawili. Nilifanya mzaha na jina lake akiwa na homa ndani ya nyumba hii hii, ananisikia nacheka peke yangu. Halafu nikakuandikia mistari mitano yenye sukari ndani. Ningekuwa wewe, ningeamini? Nisingeamini. Ningekujibu mabaya kuliko yale.

Watu walikuwa wananitazama. Mama mkwe akatuma mtoto aulize, mtani wako anasemaje? Ningesema, "Hajui, anadhani tunacheza," usingeweza kukanyaga tena Kilwa, na wale Waswidi wangekuwa watu waliokuja kutalii msibani. Nikasema, "Mtani anawasalimu." Nikaisoma. Nilianza kuisoma kwa ajili yako, nikuokoe wewe, huo ndio ukweli. Lakini nilipofika pale pa machozi kutia chumvi kwenye wali, nilicheka mwenyewe, na nilipocheka ndipo nikalia. Nilikuwa sijalia, Severa. Tangu Jumatatu alfajiri nilikuwa napokea watu na kusema ahsante tu.

Kwa hiyo niliposema ahsante nilisema kweli. Uliandika bila kujua, lakini kazi ya mtani ilifanyika, na wewe ndiye mtani. Sasa usinilipe wema kwa kunifungia mlango. Nimepoteza mke, unataka nipoteze na wageni, na kutukanwa pia? Nani atanitukana hapa? Wote wananionea huruma, nimechoka.

Wageni wa Juni usiwapeleke Mafia. Hamdiya anapika. Sema kweli, wali wake unaungua chini na mbichi juu, lakini samaki anamjua, alikaa miguuni pa dada yake miaka mingi. Siku ya kwanza ataipanga yeye. Nimemuuliza itakuwa nini, kasema, "Mwambie Severa asiharakishe mambo." Nilitoka nje kidogo aliposema hivyo, kisha nikarudi.

Nazi anakuna kwa mbuzi ya kuazima kwa jirani, na jirani anaanza kununa. Ile yetu imekaa juu ya kabati la Mmwera mmoja mjini ambaye hajui kuitumia. Uje nayo.

Na kanga zipo. Niliziweka sandukuni, sikumpa mtu, kwa sababu ziliagizwa na aliyeziagiza na zilinunuliwa na aliyezinunua, na katikati hapo mimi si kitu. Njoo na wageni wako wa Juni uzivae wewe. Ila osha kwanza, mla panya we, rangi inatoka.

Mtani wako,
Shaibu